Mabuti ya Kadutu

Nsimire ameyapanga juu ya gunia, midomo wazi
kama makinda yanayongoja kulishwa.
"Ya kijani yametoka Bujumbura. Meusi, sijui."
Namwambia sitaki ya kujipambia. Nina mbwa,
jina lake Deni, niliachiwa na mtu aliyeshindwa kunilipa,
na Deni hudai kila alfajiri, kunyeshe kusinyeshe.

Nataka soli yenye meno,
maana mteremko wa Nyamugo hauna adabu:
ukikanyaga vibaya unafika ziwani bila nauli.
Na shingo pana, mguu utoke upesi nikichelewa kazini.
Namba arobaini na moja, soksi ya sufu ndani.

Meusi yananikaa. Lakini je, maji?
Nsimire haapi. Anachota ya mfereji kwa kopo,
anajaza la kushoto hadi ukingoni.
Tunalitazama, sisi wawili na mbwa,
kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Kavu.
La kulia, likalia.
Tone moja kisiginoni, kisha lingine.

"Nikupunguzie?"
"Kwa mguu upi?"
Akacheka, akafukua gunia,
akaibuka na la kijani lililopotelewa na mwenzake.

Leo tumeshuka, moja jeusi moja kijani,
tope la rangi ya matofali likitufyonza na kutuachia.
Watoto wa shule wamenizomea mpaka kona.
Miguu yangu mikavu!

Deni, peku wa siku zote,
akasimama kando yangu, akajikung'uta,
akanilowesha kuanzia magotini kwenda juu.