Saa Mbili, Kasoro

Kule Rushere maziwa hayana subira.
Yakikamwa saa kumi na moja alfajiri
yana masaa matatu tu ya kuishi nje ya tangi la baridi,
ya nne ni ya nzi.

Nikaandika programu ndogo.
Mkamaji anabonyeza anapomaliza kukama,
Katushabe anabonyeza anapopokea kituoni,
mimi natoa hiki katika kile, ushirika unalipa.
Saa niliiazima kwenye simu ya kila mtu.
Sikuuliza simu iliipata wapi.

Wiki ya tatu, debe la Nuwamanya
lilifika dakika arobaini kabla ng'ombe hajakamwa.

"Injinia," Katushabe alinipigia, kicheko kimemkaba,
"huku ng'ombe wameanza kutabiri."

Nilimkuta akisugua debe kwa majivu. Hakuficha.
"Mvua ilishakata barabara gizani, niliisikia.
Nikaisogeza saa mbele. Nilizidisha.
Lakini maziwa yalikuwa mazima, kaonje.
Kilichochacha ni saa."

Usiku ule, Mbarara, chumba cha kupanga,
bando limebaki la kuhesabu kwa vidole,
niliapa kutomuuliza tena saa
mtu anayelipwa kwa jibu.

Nikaituma programu iulize mbali,
kwa seva nne zisizojuana,
zisizo na ndama wala deni la karo.
Swali linakwenda, jibu linarudi,
na njia nayo inakula chake:
jibu likibisha hodi limeshazeeka kidogo.
Basi napima kwenda na kurudi, nagawa mara mbili,
nusu namrudishia aliyejibu.
Anayepishana sana na wenzake, namwacha mlangoni.

Zikasema: tano kamili.
Naongeza tatu, inakuwa nane ya Uganda.
Natoa sita, inakuwa saa mbili,
ile iliyo kinywani mwa Nuwamanya
na kinywani mwa marehemu babu yake,
aliyeanza kuhesabu pale jua linapoanza kazi.
Hesabu ndogo. Ilinichukua usiku mzima kuiamini.

Na mtandao ukizama nyuma ya vilima?
Ndani ya simu kuna moyo mwingine,
unadunda tangu ilipowashwa,
haujui Jumatatu, haujui Idi wala Krismasi,
na hauna kitufe cha kuubembeleza.
Nauuliza huo: tangu seva zilipokujibu,
umedunda mara ngapi?

Ila simu ikizimwa, moyo unasahau.
Zipo za bei ya chini zinazoamka
Januari mosi, mwaka wa sabini,
mama yangu hajazaliwa,
nchi haijui mwaka wa pili yake umebeba nini.
Hizo sizigombezi. Naandika tu:
wakati haujulikani.
Katika kazi yote ile, hayo ndiyo maneno
ambayo sikuyafuta hata mara moja.

Mvua ikarudi, kama ilivyo ada yake.
Nilikuwepo kituoni siku hiyo.
Nuwamanya aliingia akiburuta pikipiki,
tope hadi kiunoni, debe kifuani kama mtoto mgonjwa.
Alikama saa kumi na moja kamili. Hakugusa kitu.
Seva nne zilishuhudia, moyo ulishuhudia:
saa mbili na dakika kumi na tisa.
Kioo kikawa chekundu.

Programu yangu haikuwa na kosa.
Niliitazama nikitamani ingekuwa nalo.

Katushabe hakusema neno.
Akachota kwa kikombe chake cha bati, akanusa,
akaonja, akaniletea nionje.
Tamu. Moshi kidogo wa kibuyu, majani mabichi.
Akafungua tangi, akamimina lote,
kisha akavuta daftari la zamani chini ya mzani,
akalamba ncha ya penseli,
akaandika jina la Nuwamanya, lita kumi na nane,
na pembeni: saa mbili, kasoro.

Kasoro ngapi, hakuandika.
Wala kasoro ya nani.