Usingizi wa Kununua

Mama alitaka kuumeza mrija hivyo hivyo, macho kodo.
"Woni elfu sabini kwa robo saa?" alimuuliza karani.
"Nyumbani nalala bure."
Nikalipa mimi. Nikatia sahihi penye neno Mwangalizi,
chini ya onyo: Huenda mgonjwa asikumbuke.
Hapakuwa na mstari juu ya anayesubiri.

Wakamvua meno ya bandia, wakayatia kikombeni,
wakamlaza ubavu wa kushoto.
Dawa ilikuwa nyeupe, kama maji yaliyooshea mchele.
"Hesabu kwa sauti, mama," alisema muuguzi Bi Pyo.
Mlango ulikuwa haujafungwa bado;
nilimsikia akifika nne.

Miaka arobaini na tatu amepiga pasi suruali za watu wa Daejeon.
Ukimgusa bega usingizini hukuuliza:
"Ya nani hii? Anaitaka lini?"
Sijapata kumwona amelegea.
Katika chumba cha kuzindukia taya lilikuwa limeachia,
na ule mkono wa makovu ukaning'inia nje ya shuka
kama umesahauliwa na mwenyewe.

Nyuma ya pazia mzee mmoja aliapa
kwamba kabichi zote ni zake,
na wauguzi wakacheka kwa staha.

Ndipo mama akasema, macho yamefumba,
kwa lafudhi ya kwao Jangheung, ile anayotufichaga:
"Usimfunge miguu. Ana joto huyo."
Nikadhani ni mimi. "Niko hapa," nikasema.
"Si Suyeon," alijibu polepole,
kama anayemrudishia mteja nguo isiyo yake.
"Huyu wa kwanza."

Wa kwanza ni mimi.
Wa mwisho pia ni mimi.

Bi Pyo akapunguza mlio wa mashine,
au alijifanya kuupunguza.
"Husema mengi," alisema. "Hatuandiki."

"Bado hawajaanza?"
"Wamekwisha, mama."
"Mwongo." Akajipapasa koo, akaomba meno yake.
Akaniuliza tena akivaa viatu.
Akaniuliza tena kwenye lifti,
na kila mara alishangaa upya, mgeni wa saa yake mwenyewe.

Tukaingia kula uji wa malenge.
Alipuliza kijiko, akalalamikia chumvi.
"Nilisema upuuzi? Yule wa duka la funguo
alimtukana mkwewe mpaka mwisho."
Siri ya mtungi aijuaye ni kata.
Nikajaza uji mdomoni, wa moto, nikameza.
"Ulihesabu," nikasema. "Ukafika nne."
"Nne tu?"
Akanuna kama aliyepunjwa chenji.

Usiku alilala kwangu, alikoroma.
Nilimfunika.
Kisha nikarudi gizani, nikalikunja blanketi,
miguu yake nikaiacha wazi.