Mabawabu wa Sukari

Oktoba. Ukungu umeshuka hadi kwenye paa za nyasi.
Baba yangu, Hanus, ananoa kisu, hasemi.
Zizini wamo wawili:
mmoja kashuka leo mlimani, ubavuni pa mama yake,
wa pili ni Flekka,
yatima niliyemlea jikoni tangu Mei,
chupa, maziwa ya unga, kijiko cha sukari,
kila baada ya saa nne, nikiwa na soksi za baba miguuni.

Chuoni nilisoma hivi:
mwanakondoo huzaliwa na milango wazi,
maelfu kwa maelfu kwenye ukuta wa utumbo,
na kila mlango una bawabu.
Maziwa yakipita, bawabu hudaka sukari, huivuta ndani.
Kisha huja majani. Tumbo kubwa huanza kuchacha,
vijidudu hula utamu wote huko juu,
na bawabu asiyepata mgeni
hufunga, huenda zake.
Wiki chache tu.

Lakini anayeendelea kubishiwa?

Nimegeuza kipande cha utumbo ndani-nje kama soksi,
nimekitia kwenye maji ya chumvi yenye sukari iliyotiwa alama.
Dakika mbili. Barafu. Vichupa.
Kalamu imegoma kwa baridi, nimeandika kwa penseli.
Samahani, Flekka.
Kichwani bado ana lile doa nililolisugua nikidhani ni tope.

Namba zimerudi kutoka Tórshavn siku ya kumi na mbili.
Wa mlimani: karibu na sifuri.
Flekka: mabawabu wote zamuni,
wamesimama, wanasubiri chupa.

Mtoto umleavyo, nikamwambia baba, ndivyo akuavyo,
hata mahali asipopaona mtu.
Akakoroga supu.
“Kwa hiyo ulimharibu?”
Sijui, nikasema. Nilimzoesha.
Kondoo wawili si ushahidi, baba, ni wawili tu.

Akanimiminia kahawa,
akatia vijiko vitatu bila kuuliza,
kama alivyotia kwenye maziwa yangu mwaka ule
mama alipolazwa Kopenhageni hakurudi,
na yeye hakujua kitu kingine cha kumpa mtoto alaye usiku.

Binadamu si kondoo, najua. Utumbo wetu una sheria zake.
Miaka ishirini nakunywa kahawa chungu mjini.

Nikainywa yote.
Nikakwangua na chini ya kikombe.