Si Hicho

Mlangoni mwa maktaba ya shule yetu, Klaksvík,
kuna kibao nilichokipigilia mwenyewe:
KIMYA.
Miaka kumi na tisa kimenitumikia.
Ukungu ukishuka mlimani ukaziba madirisha,
watoto walisoma kama kondoo wanavyocheua,
nami nikajiona nimefuzu.

Rói wa darasa la tatu alikuja kila Jumanne
na koti la mvua la manjano, asilolivua.
Hasemi. La kusema analo,
ila kichwa na ulimi wake havijapatana
tangu azaliwe.
Nilimwekea kitabu kile kile cha kondoo,
chenye kurasa nene. Alikifungua, akakifunga.
Daftarini nikaandika: anakipenda.

Mwezi Machi akaja na kishikwambi shingoni,
miraba themanini na minne, picha na neno,
ukigusa kinasema.
Kilisema Kidenishi, sauti ya bwana wa Kopenhageni
aliyekula cha mchana akashiba.
Mama yake, Sunnvør, alicheka hadi machozi:
"Miaka tisa nangoja mwanangu aniite mama,
leo ananiita kwa lafudhi ya mkusanya kodi!"

Nikiri. Siku ya kwanza kilipobwata humu ndani
nilikichukua, nikakitia kwenye droo.
Sheria ni sheria.
Sunnvør alikuja na aproni ya kiwanda cha samaki,
hakupaza sauti:
"Marjun, umemfungia mwanangu kwenye droo."

Jumanne iliyofuata nikakiweka mezani,
na kitabu cha kondoo kando yake.
Kidole kikasafiri, kikapotea, kikarudi.
"Si. Hicho."
Maktaba nzima iligeuka.
Nikaleta cha ndege. Si hicho.
Cha nyangumi. Si hicho.
Cha majitu ya milimani, ambacho kila mtoto hukililia,
si hicho, si hicho,
hadi kitoroli kikajaa makosa yangu.
Kisha: "Ndani. Meli. Moto. Kelele."
Nikasimama kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu.
"Injini," akasema Bárður kutoka pembeni,
Bárður ambaye huja kwangu kukimbia mvua tu.
"Anataka injini. Mraba wake haumo."

Haukuwamo. Wala kitabu chake
hakikuwamo kwenye rafu za watoto.
Nilishuka ghalani, nikapanda na mwongozo wa dizeli
wa mwaka sabini na nne,
kurasa zina alama za vidole vya grisi.
Rói aliufungua. Kengele ya kurudi nyumbani ililia,
bado hajaufunga.
Usiku nilisoma daftari langu la miaka miwili:
anakipenda, anakipenda, anakipenda.
Sikufuta. Acha linitazame.

Baadaye darasa lilimpa lugha yao.
Katika chumba cha makoti, maana makoti humeza mwangwi,
Bárður alirekodi neno moja moja kwa Kifaroe:
nataka, sitaki, ngoja, tena.
Wakaongeza pistoni, grisi, upuuzi.
Mwalimu Hanus aliupinga upuuzi;
Rói akaugusa mara nne mfululizo,
mjadala ukafungwa.
Mafua yalimpata Bárður katikati ya kazi,
kwa hiyo kutoka "jana" hadi "kesho"
Rói huongea na pua iliyoziba.
Na Hanus siku hizi akiuliza swali
huhesabu moyoni hadi ishirini
kabla ya kumtazama mwingine.
Ishirini ni ndefu.
Kuna siku betri hufa kwenye kumi na nane.

Kibao bado kipo mlangoni.
Jumanne iliyopita mvua iliwaleta wote,
Bárður juu ya kiti akiigiza mbuzi wa babu yake,
nami nimeshafungua kinywa,
kidole kikanitangulia:
"Kimya!"
Bárður aliganda papo hapo,
akatazama huku na huku
akimtafuta aliyemwamuru
kwa sauti yake mwenyewe.
Rói alikuwa amesharudi kwenye pampu ya mafuta.