Silabi Mbili

Saa tatu usiku, Umoja, ghorofa ya nne,
kompyuta yangu imeanza kukaanga njugu.
Kila Bi Syokau akifungua kinywa
kra-kra-kra, kama mtu anayesimulia
huku akitembea juu ya mabati.

Nalipwa kwa dakika. Dakika za kanda, si zangu.
Kesho saa nne wakili anataka kurasa zote,
nami nimekwama dakika ya thelathini na moja,
pale anapoifikia ploti ya Njiru
na kaka yake aliyeiuza kimyakimya.

Nimezima, nimewasha: dawa ya kila gonjwa.
Nimechomoa waya wa spika, nikaupuliza kama jiko la makaa,
nikaukandamiza kwa kitabu cha hesabu cha darasa la sita.
Ukatulia pumzi mbili.
Halafu njugu.

Nikasingizia stima. Kule chini Otwori
anachomelea geti la mtu,
na kila akigusa chuma taa yangu inakonyeza.
Nikamwita dirishani: Otwori, hebu pumzika kidogo!
Akavua miwani nyeusi, akaketi, akamenya ndizi.
Njugu zikaendelea.
Niwie radhi, nikamwambia.
Akasema, hata hivyo nilikuwa na njaa.

Nikaazima spika za masikioni kwa Chelagat wa jirani,
zile za waridi, zenye masikio ya paka.
Mama wa miaka hamsini na mbili, masikio ya paka,
anasikiliza ushahidi wa ploti!
Njugu zilezile, sasa ndani ya fuvu.

Basi spika hana hatia.

Nikampigia Shikanda, mwenye kibanda Luthuli.
Alikuwa anakula; nilisikia.
Umeteremsha sauti? Nimeteremsha.
Umezima ile ya kukoleza besi? Nimezima.
Basi tazama namba, akasema. Kanda ina mwendo wake,
kompyuta ina wake.
Nikatazama. Kanda: vipande elfu arobaini na nne
na ushee kwa sekunde.
Kompyuta: laki moja na tisini na mbili elfu!
Nani aliipandisha huko? Mwanangu,
likizo ya Agosti, na mchezo wake wa magari.
Mmoja anatembea, mwingine anakimbia,
na wameshikana mikono.

Nikateremsha. Nikabonyeza Kubali.

Kwanza kimya.
Halafu Bi Syokau, mzima, karibu,
na kikwaruzo cha koo lake mwenyewe,
kijiko kikigonga kikombe,
jogoo asiyejua saa,
mtu fulani nyuma akimkatia mtoto kilio.
Nikairudisha kanda nyuma, kwa utamu tu wa kusikia.

Ndipo nikasikia.

Ukurasa wa nne niliandika, chini ya njugu,
nikibahatisha kidogo:
*Kaka yangu alipolazwa Kenyatta, nilimsamehe.*
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Anasema polepole, anaiweka kila silabi mezani
kama anayehesabu chenji:
si-ku-m-sa-me-he.

Nili. Siku.
Mashine ilizitafuna mbili tu,
na pengo nikaliziba mimi
kwa neno nililokuwa nalo mfukoni.
Sikujua kwamba nimelibeba.
Nina kaka, yuko Rongai. Miaka sita
hakuna aliyempigia mwenzake.

Huko chini Otwori amemaliza ndizi.
Taa ikakonyeza.
Nikafuta silabi mbili, nikaandika mbili,
nikauacha mshale ukipepesa hapo kwa muda.
Kisha nikarudi dakika ya sifuri
kusikiliza yote upya, malipo yaleyale,
kwani ni nani ajuaye
nimemsamehesha nani mwingine.