Ghala Namba Tatu, Igombe

Waliletwa usiku, kwa malori mawili ya ushirika,
vijana sabini na wawili kutoka ng'ambo ya Ruvuma.
Mimi karani wa pamba nikakabidhiwa wao
kama nilivyokabidhiwa mizani na funguo:
tia saini hapa, usiulize, wanapita tu.

Wakapita miezi minne.

Masika yale hayakunyesha, yalihamia.
Upepo wa ziwani uliingia kwa kila tundu la msumari,
bati likalia usiku kucha kama mgonjwa wa jino,
na pimbi, kule juu ya miamba,
wakapiga yale makelele yao ya kuchinjwa
hata mlinzi, Ntaluma, akafyatua risasi gizani.
Adhabu yake: kuchimba choo kipya,
maji yakimfika magotini.

Mablanketi thelathini na moja. Niliyahesabu mwenyewe.
Walilala wawili wawili; kumi waliosalia
walijivika magunia yenye namba ya chama chetu.
Mabuti yalikuwa ya walio zamu.
Homa haikubisha hodi.

Mke wangu, Ng'washi, aliwapelekea debe la michembe.
Wakaigeuzageuza.
"Shemeji, hii inaliwa au inashonewa viatu?"
Kisha wakala, wakakwangua na debe.

Kuni zilikuwa mbichi hadi kwenye kiini.
Usiku Likomba alipotetemeka mpaka meno yakamkata ulimi
nilifungua ghala namba mbili.
Mbegu za pamba zina mafuta; zinawaka taratibu,
moshi wake unatoa machozi,
lakini ni moto, nao waliuzunguka
bila kusema, viganja mbele,
kama watu wanaopokea kitu.

Daftarini niliandika:
*Magunia kumi na manne. Yameliwa na panya.*

Mkaguzi akaja kutoka mjini, na mwavuli.
Akanusa ukuta uliosawijika.
Akachungulia uwanjani, akawaona panya wangu
wamejipanga mstari, bunduki za mti begani,
matope hadi mapajani, wanahesabu hatua kwa lugha yao.
"Karani," akasema, "panya hawa wanataka nini?"
"Kwao," nikasema.
Akakaa kimya kidogo. Akapiga mhuri.

Watatu hawakuondoka.
Likomba yuko kati ya majabali mawili, juu ya jineri;
udongo haukutosha, tukaongezea mawe.
Wengine walipanda malori mwezi wa sita,
siku ya anga safi, safi kama dharau,
na kamanda wao akaniachia hati ya penseli:
*Mablanketi tutarudisha siku ya bendera.*

Miaka ikaenda. Bendera yao ilipanda usiku;
nami niliisikia asubuhi, kwenye redio ya jirani,
nikiwa napima pamba ya mkulima mmoja wa Kayenze.
Mkono wangu ukaganda juu ya jiwe la mizani.
Thelathini na moja, nikasema kwa sauti.

Mkulima akanikazia macho.
Alidhani namwibia kilo.