Dakika Tano

Chumba cha nyuma ya skuli, Mtambwe.
Profesa Raya anaufunga mpira wa presha
kwenye mkono wa Ngwali Mbwana, mchuma karafuu,
miaka sabini na moja, kovu la tawi kwenye goti.
Anaupuliza mpaka damu isimame.
"Dakika tano. Usicheke, usikohoe."
"Na nikifa?"
"Ukifa utanivurugia jedwali."

Mimi nimemaliza kidato cha nne, sijapata la kufanya.
Nimeajiriwa kushika saa na kunyamaza.

Ya kwanza, vidole vinapauka.
Ya pili, jenereta linakohoa uani,
maana umeme wa Tanga, unaopita chini ya bahari,
leo umeamua kulala kwao.
Ya tatu, Ngwali anatazama dari, anahesabu buibui.
Ya nne ni ndefu kuliko zote, sijui kwa nini.
Ya tano.
"Achia!"

Damu hiyo.
Kwenye kioo, ndani ya ukungu wa kijivu,
mistari miwili inaachana
kwa upana wa unywele, tuseme nywele mbili,
na Profesa anashusha pumzi
kama kwamba aliyefungwa ni yeye.
"Umeona? Mshipa si bomba.
Bomba halijui kinachopita ndani yake.
Huu una utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
damu ikiukwangua kwa kasi
unaiambia: pita, mwanangu, nafasi ipo."

Mamake hakuambiwa hivyo.
Alianguka jikoni Wete, nazi nusu imekunwa,
mdomo umekwenda upande.
Majirani wakasema kapigwa na shetani.
Raya alikuwa na miaka kumi na tisa,
bingwa wa mita mia nne uwanja wa Gombani,
suruali ndefu, ushungi umefungwa kisogoni,
mbio zake zote hazikumfikisha jikoni kwa wakati.

Akaenda kusoma kwenye mji wa theluji.
Huko walimkimbiza juu ya mkanda.
"Maili elfu," husema, "na sikutoka chumbani."
Akarudi kufundisha Unguja,
akaomba fedha za kuwapima wapanda mikarafuu.
Barua ikajibu: hao si wanamichezo.
Naye akajibu kwa sentensi moja:
Mpandisheni mtini aliyeandika barua hii.
Fedha zilikuja mwaka wa sita.

Haya ndiyo tuliyoyapata, nayajua kwa moyo:
wakati wa msimu, mshipa wa mchumaji
hupanuka kwa sehemu nane katika mia;
wa karani wa mizani, anayekaa
akiandika kilo za wenzake, sehemu tatu.
Msimu ukiisha, mchumaji akalala barazani
miezi mitatu, naye hushuka, nne, tatu na nusu.
"Mwili hauli akiba ya jana," alisema,
akayapigia mstari maneno yake mwenyewe
kisha akayafuta. Si ya kisayansi.

Siku ya mwisho kabla ya kustaafu
nilimwomba alale yeye kitandani.
Alikataa. Alisema mpira umechakaa.
Alisema ana barua za kuandika.
Ngwali, aliyekuwa mlangoni na polo begani,
akamwambia: "Mganga anaogopa dawa yake?"
Akalala.

Nilishika saa. Nilipuliza mimi.
Dakika ya nne ilikuwa ndefu vilevile.
Nilipoachia, mistari miwili
ilikaa kimya kidogo, ikafikiri,
ikaachana kwa shida.
Mbili. Sehemu mbili katika mia.

Hakusema kitu. Aliketi, akavuta daftari,
akaliandika kwa wino kwenye safu ya makarani,
mtu wa thelathini na moja, bila jina.
"Miaka ishirini na sita," akasema, "nimekaa kitini
nikiandika hatari ya kukaa kitini."
Halafu akamgeukia Ngwali, akamuuliza
mti gani ni mwepesi kuupanda.

Ngwali alicheka mpaka akakohoa.
"Anza na ngazi," akasema. "Na hivyo viatu, vua."